Riali Saba za Bi Masuda

Bi Masuda alikuwa amewasahau wote. Alimsahau bintiye Hind, akamsahau mjukuu wake Afra, na nyumba ya Mirdif, huku ughaibuni, aliyokaa miaka ishirini aliiona hoteli. Lakini ukimpa kidani chake chenye riali saba za fedha, akakinusa, fahamu zilimrudia. Kwa dakika chache alimwita kila mtu kwa jina lake.

Tangu Unguja, kila bibi harusi wa ukoo ule alivaa kidani hicho, na kabla hajakivaa kilifukizwa udi. Hakikuoshwa hata siku moja. Riali zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni.

Leo hina ya Afra. Ombi lake lilikuwa moja tu: bibi amvishe kidani kwa mkono wake, amtaje jina.

"Severina! Zisafishe hizi," Hind alisema asubuhi. "Mpiga picha anakuja saa kumi. Nataka zing'ae."

Severina wa Bukoba alikuwa na mwaka wa nne akimhudumia Bi Masuda. Yeye ndiye aliyemnusisha kidani kila siku kabla ya chai.

"Madam, Bibi hataki zioshwe."

"Bibi hataki hata kuoga. Yalla, haraka!"

Severina hakutaka kuziharibu. Dawa ya meno inakwaruza, ndimu inakula fedha, hayo aliyajua. Akatia maji ya uvuguvugu kwenye bakuli la plastiki, na tone moja la sabuni. Alizichovya moja moja, akazipapasa kwa ncha za vidole bila kusugua, akazikausha kwa taulo dogo jeupe. Kwenye riali ya tatu maji yalikuwa ya kahawia, na harufu ya udi ikapanda hadi puani. Akamwita Hind.

"Madam, njoo unuse. Udi wote unatoka."

"Masizi hayo. Udi umejaa kabatini, tutazifukiza tena. Khalas, maliza."

Kibali cha Severina cha kukaa nchini kilikuwa mkononi mwa watu hawa. Akamaliza. Akamwaga maji, na kwa mazoea yake ya usafi akalitupa taulo kwenye mashine ya kufulia, pamoja na mashuka. Mashine aliiwasha baadaye, muda mfupi kabla ya hina.

Alasiri Afra alipiga magoti mbele ya bibi yake, kanga ya kijani mabegani. Bi Masuda akapokea kidani kinachometameta. Akakinusa. Akakigeuza, akakinusa tena.

"Hichi cha nani?"

"Chako, Mama," Hind alisema.

"Changu? Mie n'nacho changu. Hichi kipya."

Wakaleta chetezo mbio, wakakifukiza. Bi Masuda akakohoa, akakisukuma kando.

"Bibi, ni mie. Afra."

"Hujambo, mwanangu," alijibu kwa upole. "Mama'ko yuko wapi?"

Wanja wa Afra ulianza kumwagika mashavuni. Hind akamgeukia Severina. "Ulitia nini?"

"Maji, madam. Maji na sabuni tu."

Hapo akalikumbuka taulo: udi wa zamani ulikuwa umebaki humo. Alikimbilia chumba cha kufulia, akavuta mlango wa mashine kwa mikono miwili. Ulikuwa umejifunga. Nyuma ya kioo taulo lilipita ndani ya povu, likazama, likapita tena. Namba zilionyesha zimebaki dakika thelathini na nane.

Kutoka sebuleni alimsikia Bi Masuda akiuliza, kwa adabu ya mgeni, kama hoteli hii wana chai.