Simu Iliyompima Bibi Mageni

Violeth alikuwa akisahihisha madaftari ya darasa la tano, Shinyanga mjini, Mama Wema alipompigia simu kutoka kijiji cha Samuye. Alikuwa jirani wa bibi yake.

"Njoo umchukue bibi," alisema kwa sauti ya chini. "Enock amempima na ile simu yake. Imetoa tisini na moja."

Violeth hakuuliza tisini na moja ya nini. Enock alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Geita na programu ambayo, kwa madai yake, ilimtambua mchawi kwa picha ya uso. Watu wa Samuye waliicheka mpaka ng'ombe wanne wa Bujiku, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walipokufa katika wiki moja.

Akapanda bodaboda. Njia nzima alimkumbuka bikizee mmoja wa kijijini kwao aliyekatwa mapanga Violeth akiwa na miaka tisa. Walisema alikuwa mchawi kwa kuwa macho yake yalikuwa mekundu mno.

Alifika saa tisa alasiri. Wanaume kama kumi na watano walikuwa wamekaa uani kwa bibi, marungu yakiwa magotini. Violeth aliwaamkia, wachache wakaitikia.

Bibi Mageni alikuwa jikoni, mbele ya moto wa samadi kavu na mashina ya pamba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Rudi ulikotoka, mjukuu wangu. Wasikukute humu."

Bibi alifuta macho yake mekundu kwa ncha ya khanga. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba Violeth mwenyewe alianza kutokwa na machozi, na hapo akaelewa simu ile ilikuwa ikiona nini.

Alitoka akamwendea Bujiku. Alitaka kumwambia, mpime na mama yako, naye anapikia samadi. Maneno yalimfika mdomoni akayameza. Wangempima yule mama, kufikia jioni wangekuwa wamezingirwa vikongwe wawili.

"Nipime mimi," akamwambia Enock, aliyesimama kando ya Bujiku.

Enock alimtazama Bujiku, kisha akampiga Violeth picha. Nne.

"Sasa ningojeeni."

Alirudi jikoni, akapiga magoti, akaupuliza moto huku macho ameyakodoa. Bibi alimvuta mkono wa blauzi, akimwambia aache. Hakuacha. Alipotoka hakuona vizuri hata mlango, akaenda kwa kupapasa mpaka alipoisikia sauti ya Enock.

"Nipime tena."

Simu ililia. Bujiku akaichukua mkononi mwa Enock na kusoma, "Themanini na nane."

"Sasa hivi nilikuwa na nne, baba," Violeth alisema. "Simu yenu inapima moshi."

"Au kapewa humo ndani," mwanamume mmoja alisema nyuma. "Bibi kamgawia."

Wawili wakasimama. Violeth alijua hapo kwamba jaribio lake lingeweza kuwaua yeye na bibi yake, na kwamba hakuwa na jambo jingine la kuwaambia. Aliusikia mkojo ukimtoka kidogo.

Bujiku aliendelea kuitazama ile picha. Baadaye alisema, kama anayejisemea peke yake, "Mama yangu naye ana macho hivi hivi."

Akaizima simu na kumrudishia Enock.

"Mchukue mayu, bibi yako huyo, mwalimu. Leo hii. Mimi siwezi kuwazuia hawa watu mpaka kesho."

Walipakiana kwenye ile bodaboda iliyokuwa ikimsubiri Violeth, bibi katikati, bila hata kufungasha nguo. Kuku wake walibaki. Bibi hakugeuka nyuma, ila vidole vyake vilimbana dereva mbavuni mpaka akalalamika.

Mjini, polisi waliandika maelezo ya Violeth, wakaahidi kumtafuta Enock. Siku ya tatu Mama Wema alimtumia picha iliyokuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wachimbaji. Ilikuwa sura yake Violeth, macho mekundu, machozi mashavuni, na namba themanini na nane juu ya paji la uso. Ile ya kwanza, yenye nne, haikuwepo. Chini mtu asiyemfahamu alikuwa ameuliza, huyu anafundisha shule gani?

Wengine walikuwa wameshaanza kumjibu.

Violeth alifunga mlango kwa komeo. Bibi alimuuliza kuna nini, akamwambia hakuna kitu. Kisha akampigia mwalimu mkuu kuomba uhamisho.