Madini Yetu, Miguu Yenu

Mchanga wa barabara ya Kasulo ulifika karibu na mnyororo, lakini Rachida aliendelea kuzungusha pedali kwa mikono, jasho likimtiririka chini ya kitambaa cha kichwa. Malori ya mawe yalimpita yakimmwagia vumbi jekundu. Kinga yake, yaani baiskeli yake ya magurudumu matatu, haikukwama. Ntambwe, mchomeleaji wa mtaani, aliiunda kwa baiskeli kuukuu na mabomba ya maji: pedali zilipandishwa mpaka kifuani, na nyuma kulikuwa na sanduku la samaki wakavu. Jirani alipochimba kobalti chini ya ukuta wa nyumba yao, ukuta ukamwangukia Rachida kiunoni, akapooza miguu. Tangu hapo chuma hicho ndicho kilichompeleka sokoni na kumrudisha akiwa mtu.

Leo kampuni ya mgodi ilikuwa imemwita. Angepewa kiti kipya cha magurudumu.

Uani pa kampuni palitundikwa bango refu. Lilionyesha safari ya viti vya walemavu: cha mbao kilichosukumwa na mtumishi, cha chuma kizito cha hospitali, kisha pengo tupu, na mwisho kiti cheusi chepesi, kinachong'aa, chenye vigurudumu vidogo mbele. Juu ya vyote, kwa herufi nene: MADINI YETU, MIGUU YENU.

Mbombo, mkuu wa matangazo, alimpokea kwa tabasamu. Kofia yake ya mgodini haikuwa na hata doa.

"Mama Rachida, karibu. Kinga yako tutaiweka pale kwenye pengo. Hiyo njo zamani."

"Zamani ya nani, tata?"

"Ya publicité, mama. Batu banapenda kuona giza kwanza, kisha mwangaza."

Walinzi wawili walimbeba wakamkalisha kwenye kiti kipya. Juu ya sementi kiliteleza kama sabuni. Rachida aliinama akavitazama vile vigurudumu vya mbele.

"Na mu mchanga, kitapita?"

Kamera ilikuwa imeshawashwa. Nyuma ya bango tingatinga likanguruma, likatokea na ndoo yake juu.

"Ile inakuya kufanya nini?"

"Kuponda ya zamani," Mbombo alisema. "Weye piga makofi tu."

"Hapana! Ile njo miguu yangu! Mi sitaki kiti yenu!"

Alijirusha kutoka kitini, akaangukia viwiko, akatambaa. Alilifikia gurudumu la mbele la kinga yake, akalikumbatia. Mlinzi mmoja alimkanyaga kifundo cha mkono. Hakuachia. Akamkanyaga tena, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Wa pili alimvuta kwa nywele; Rachida alipomng'ata, alipigwa ngumi ya mdomo mpaka meno yakazama ulimini. Ndoo ikashuka. Mabomba yalijikunja yakipiga kelele, sanduku likapasuka, na samaki wakasagwa pamoja na chuma.

"Usikate," Mbombo alimwambia mpiga picha. "Chukua uso. Machozi tu. Damu tutaitosha kisha mu picha."

Walimrudisha kitini, wakamsukuma mpaka nje ya geti, wakafunga. Vigurudumu vya mbele vilizama papo hapo na kiti kikampindua mchangani. Lori lilikuwa linatoka na mzigo. Dereva alimkwepa yeye. Kiti hakukikwepa.

Tangazo lilitoka upesi, kabla uvimbe wa ulimi wake haujashuka. Rachida aliliona akiwa ameketi chini, mlangoni pa duka la simu la Akram. Uso wake ulijaa kwenye televisheni, umesafishwa damu, macho yakibubujika, na sauti laini ya mwanamke ikasema: "Machozi ya furaha." Wateja walipiga makofi.

"Kumbe ulilia vile, mama!" Akram alisema. "Mungu alikuona."

Rachida alifungua mdomo. Yalitoka mate na mlio.

Ndipo kengele zikasikika barabarani. Tshiela, muuza mkaa aliyepooza tangu utotoni, alikuwa mbele, amevaa kitenge cha kanisani, anazungusha pedali zake kwa nguvu. Nyuma yake walifuata walemavu wengine wa sokoni, kinga zao zimeoshwa, zinametameta.

"Banatuita na siye!" Tshiela alipiga kelele. "Banasema kila mutu alete kinga yake ya zamani!"

Rachida aliutupa mbele mkono wake mzima, akajiburura mpaka katikati ya barabara. Alipiga ukelele. Tshiela alimpungia, akidhani anashangiliwa, naye akaongeza mwendo. Wengine wakamfuata wakicheka, wakishindana nani atakayefika getini wa kwanza.