Baba wa Mlango wa Pili

Fundi wa kuchomelea alikuwa akipiga mswaki uani pale binti wa mlango wa pili alipomrukia babake mgongoni.

"Nibebe mpaka shule!"

Baba mtu, mchukuzi wa mizigo sokoni, akacheka, akambeba na begi lake. Fundi akatema povu, akageukia ukuta. Wivu ulimchoma kama mwiba wa samaki.

Binti wa fundi naye alikuwa na miaka tisa. Tangu mwalimu wa masomo ya jioni amtendee unyama, miezi miwili sasa, hakutaka mwanamume yeyote amguse, hata babake. Mama ndiye aliyemsuka, aliyemwogesha, aliyelala naye kitanda kimoja. Fundi akiona kile kichwa kidogo kimelala pajani mwa mkewe, roho humuuma. Kisha huona haya kwamba imemuuma.

"Hajakukataa wewe," mkewe alimnong'oneza mlangoni. "Ni hofu tu."

"Najua, mama watoto. Lakini kujua si dawa."

Akaomba ruhusa karakana, akaenda kituoni.

"Jalada halionekani, mzee," afande wa kaunta alisema bila kuinua macho. "Njoo Jumatatu."

"Hii ni Jumatatu ya nne, afande. Na mwalimu yuko nje kwa dhamana, anafundisha watoto wa watu."

"Basi kaeni naye, myamalize kiutu uzima. Utamwanika mwanao mahakamani ili iweje?"

Hapo akaingia bwana mmoja aliyeibiwa pikipiki. Afande akavuta kitabu cha taarifa, akamwandikia yote: rangi, namba, hata mkwaruzo wa tangi. Akagonga muhuri, akampa na pole. Fundi alisimama pembeni, akaona kijicho hata kwa pikipiki, maana ilikuwa ikitafutwa.

Afande alipoinuka kumsindikiza yule bwana, fundi akaichukua kalamu. Chini ya pikipiki akaandika polepole, kwa mkono uliozoea chuma: *Mtoto wa kike, miaka tisa. Jalada lake limepotezwa hapa.* Akamalizia kwa namba aliyoisoma kifuani mwa afande.

"We mzee, umefanya nini?"

"Nimetoa taarifa."

Afande akaushika ukurasa auchane. Akasita. Taarifa ya pikipiki ya watu ilikuwa papo hapo juu, imeshapigwa muhuri. Akamtazama fundi, akautazama ukurasa, akakifunga kitabu kwa kishindo.

"Toka nje!"

Fundi akatoka, akaketi kwenye benchi la mlangoni.