Sindano za Marijani

Asubuhi ya siku ya nne Kidawa aliishika chupa ya dawa akaiona nyepesi. Aliitikisa karibu na sikio, kisha akaisogeza kwenye mlango wa banda penye mwanga. Kioo chake kilikuwa cha rangi ya kahawia na karatasi ya kiwandani imekizunguka karibu chote, hakuona kitu cha maana. Daktari alimwachia mililita mia moja. Kila asubuhi yeye alivuta kumi. Siku tatu, thelathini. Ndani zilitakiwa zibakie sabini.

Alichukua mabomba mapya ya sindano, akaanza kuvuta dawa. La kwanza likajaa, la pili, la tatu, la nne. La tano likavuta hewa tupu.

Kidawa alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mabomba manne yamelala mbele yake juu ya taulo. Arubaini. Thelathini nyingine zimekwenda wapi? Alilichukua bomba moja akalisoma tena, ingawa alishalisoma mara nyingi: lilikuwa la mililita kumi, halipokei zaidi hata ukilishindilia. Basi labda alimchoma farasi mara mbili kila siku akasahau. Mtu anaweza kusahau hivyo? Alijaribu kuikumbuka jana tangu alipofika bandani mpaka alipoondoka, na kila alipofika kwenye sindano aliona vidole vyake vikitetemeka, basi.

Marijani alikuwa amesimama pembeni, kichwa chini. Alikuwa farasi jike wa miaka kumi na nne, mwekundu wa kahawia, mpole kuliko wenzake wanne waliokuwa wakipandwa na watalii kwenye ufukwe wa Nungwi. Wiki iliyopita alianza kukohoa. Majani makavu yaliyoletwa yalikuwa na ukungu ndani, na vumbi lake lilimfunga kifua hata akawa anavuta pumzi kwa tumbo zima, mbavu zinapanda na kushuka kama mtu aliyepanda mlima. Ridhwan, mwenye farasi, alimwita Daktari Amour kutoka mjini. Daktari alimsikiliza mapafu, akasema ni mzio, akatoa chupa ya deksa.

"Hii ni katika zile dawa za steroidi," alimwambia Kidawa siku ile. "Itamfungua kifua. Lakini ikizidi inaweza kumletea maradhi ya kwato, na huyu kwato zilishamuuma mwaka juzi. Kwa hiyo kumi, kila asubuhi, kwenye msuli wa shingo. Hata moja isizidi."

Kidawa alidhani kazi hiyo angepewa Ami Borafya. Borafya alikuwa mdogo wa marehemu baba yake, ndiye aliyemwingiza kwenye kazi ya farasi miaka mitatu nyuma, na sindano zote za bandani zilikuwa zake. Alianza kupiga sindano ng'ombe kabla Kidawa hajazaliwa. Lakini daktari alimpa bomba alisome, na Borafya akalisogeza mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena. Daktari alilichukua taratibu akamkabidhi Kidawa.

Tatizo ni kwamba Kidawa alikuwa anaijua sindano ile. Mwaka uliopita farasi mmoja alishtushwa na tiara la mtalii akamvuta mkono, bega likakakamaa hata kufunga mtandio hawezi. Katika hospitali moja ya mjini walimchoma begani dawa ya jamii hiyohiyo. Kuchomwa kwenyewe hakukuwa kitu, kama mwiba wa mchongoma. Kilichomshinda ni dawa ilipoanza kuingia. Alihisi kitu kinajisukuma ndani mahali pasipo na nafasi, kinajaza, kinaelemea mfupa, kisha moto ukashuka mpaka kwenye vidole. Muuguzi alikuwa akimwambia bado kidogo, bado kidogo. Siku mbili bega lilimuuma kuliko mwanzo. Siku ya tatu likafunguka, akaweza kuanua nguo kambani.

Kwa hiyo siku ya kwanza alipomchoma Marijani, na ngozi ya shingo ikaruka chini ya kiganja chake, bega lake mwenyewe lilishtuka. Alisukuma dawa haraka ili yaishe. Farasi akatupa kichwa. Kidawa akachomoa, na dawa kidogo ikatiririka juu ya manyoya.

"Imeingia?" Borafya aliuliza, ameshika kamba.

"Imeingia, ami."

Siku ya pili na ya tatu alijitahidi zaidi, na Marijani alianza kupumua vizuri. Ridhwan alifurahi. Alishawaahidi wageni kwamba Jumamosi watampanda.

Sasa Kidawa aliinuka kwenye ndoo, akaenda kuchutama mbele ya farasi. Aliweka kiganja juu ya kwato ya mbele ya kushoto. Ilikuwa ya moto. Alijiambia ni jua, lakini jua lilikuwa bado halijafika upande ule wa banda. Aligusa ya kulia, nayo ina moto. Za nyuma zilikuwa baridi. Alipeleka vidole viwili nyuma ya kifundo, pale daktari alipomwonyesha, akatafuta mapigo ya damu. Siku nyingine ilimbidi atafute sana. Leo yalimgonga vidoleni mara moja, kwa nguvu. Akaona pia jambo ambalo alipoingia hakulitia maanani: Marijani alikuwa ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza, kama anayeogopa kukanyaga.

Kwa dakika moja aliwaza asimwambie mtu. Angeacha sindano ya leo, angengoja, huenda mchana miguu ikapoa. Angepiga simu angemwambia nini daktari? Kwamba dawa aliyokabidhiwa yeye peke yake imepotea na hajui imeingia wapi? Ridhwan angemfukuza kazi, na alikuwa na haki.

Marijani aliinua mguu wa kushoto, akautua. Akainua wa kulia, akautua.

Kidawa alitoa simu.

Daktari Amour alikuwa kusini, Makunduchi, kwenye ng'ombe. Kidawa alimweleza yote bila kupumzika: chupa, mabomba manne, kwato, mapigo.

Daktari aliuliza: "Ushampa ya leo?"

"Bado."

"Usimpe. Umenisikia? Usimpe tena hata tone. Bomba lako la mililita ngapi?"

"La kumi."

"Basi si wewe uliyekosea kipimo. Nani mwengine anaigusa hiyo chupa?"

"Hakuna," Kidawa alisema, na alipoinua macho alimwona Ami Borafya amesimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi. Alikuwa amesimama pale muda. Maji yalikuwa yanamwagikia ndarani mwake na yeye hana habari.

"Kidawa," alisema. "Mwambie ni mimi."

Kidawa aliishusha simu kutoka sikioni.

"Siku ya kwanza niliiona dawa inamwagika," Borafya alisema. "Niliona nyingi. Nikasema huyu mtoto mkono unamtetemeka, dawa haiingii, mnyama atakufa kwa kifua. Ukishaondoka, baada ya alasiri, nikawa nampa mimi. Kila siku." Aliitua ndoo. "Nilitaka kukwambia. Nikaona nitakutia haya mbele ya daktari, maana ameshakuchagua wewe."

"Ulisoma vipi bomba, ami?"

"Nililijaza mpaka mwisho," alisema.

Simu ilikuwa bado inazungumza peke yake. Kidawa aliirudisha sikioni akamsikia daktari: "Nimesikia. Ishirini kwa siku basi, siku tatu. Sikiliza. Barafu. Kwato mbili za mbele zikae ndani ya barafu, maji na barafu, mpaka juu ya kifundo, na msizitoe mpaka nifike. Asitembezwe. Mtieni mchanga laini chini, mwingi. Alasiri ntakuwa hapo."

Kidawa alikimbilia dikoni, wanakoshushia samaki. Wachuuzi walikuwa wakivunjavunja mabonge ya barafu kupanga jodari kwenye maboksi. Alimwomba mmoja wao, Jecha, aliyesoma naye, na Jecha alipoambiwa ni ya miguu ya farasi alimtazama usoni, akaacha utani uliokuwa umeshafika mdomoni, akampakilia magunia mawili kwenye toroli na kulisukuma yeye mwenyewe. Barafu ilinuka samaki. Marijani aliinusa ndoo akageuza kichwa, lakini alipotiwa mguu ndani aliuacha. Kisha wa pili. Alivuta pumzi ndefu.

Walikaa hivyo, Kidawa mguu wa kushoto, ami yake wa kulia, kila barafu ikiyeyuka wanaongeza. Mikono iliwafa ganzi.

"Aliruka ulipomchoma?" Kidawa aliuliza baada ya muda.

"Hakuruka. Mimi nasukuma polepole. Ukisukuma haraka nyama inatanuka kwa ghafla, ndiyo inauma. Ukimpa nafasi, anahisi uzito tu." Alikoroga barafu kwa kiganja. "Ningekufundisha hilo ingelikuwa bora kuliko nililolifanya."

Kidawa alitaka kukasirika na hasira haikuja vizuri. Alifikiria shingo ya Marijani ikichomwa asubuhi na alasiri, siku tatu, na mnyama hana wa kumwambia kwamba mwenzako ameshakuja. Alipeleka mkono upande wa pili wa shingo, ambao hakuwa akiutazama kwa sababu yeye alichoma kushoto, akagusa uvimbe mdogo mgumu kama kokwa ya zambarau.

Ridhwan alifika saa sita. Alisikia habari amesimama, funguo za gari zinazunguka kidoleni, na zilipoacha kuzunguka Kidawa alijua sasa atasema.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi hapandwi na mtu," Kidawa alisema. "Huenda asipandwe tena kabisa. Chupa nilikabidhiwa mimi, na sikuifungia. Hilo ni langu."

"Na sindano za jioni ni zangu mimi," alisema Borafya.

Ridhwan aliwatazama wote wawili, kisha akatazama mikono yao iliyogeuka rangi. Alikwenda kwenye gari. Kidawa alidhani ameondoka, lakini alirudi na magunia mengine ya barafu, shati lake jeupe limelowa begani.

Daktari Amour aliwasili wakati wa adhana ya alasiri, na vumbi la shamba miguuni. Aliinua kwato za mbele moja baada ya nyingine, akazibana kwa koleo la kupimia, kidogo kidogo, kuzunguka ukingo. Kidawa aliyatazama masikio ya Marijani. Ya kulia, hakuna kitu. Ya kushoto, koleo lilipofika mbele, farasi aliuvuta mguu kwa nguvu hata daktari akayumba.

"Imeanza," alisema. "Lakini mmeiwahi. Sijui kama mmeiwahi vya kutosha. Nipeni siku tatu."

Alimpiga sindano ya maumivu kwenye mshipa wa shingo na kumwita Kidawa asogee. Alimwonyesha jinsi damu inavyoingia kidogo kwenye bomba kabla ya kusukuma, kwamba hiyo ndiyo dalili yuko kwenye mshipa, na kwenye msuli ni kinyume chake, ukiona damu unatoka. Marijani alipepesa jicho mara moja. Kidawa alisubiri bega lake lishtuke. Lilishtuka, lakini hakuondoka.

Siku tatu zile walipokezana. Borafya alilala palepale juu ya mkeka, na mkewe akawa anawaletea chai na mikate ya kumimina. Kila baada ya saa mbili mtu aligusa mapigo na kuandika kwenye daftari: yana nguvu, yana nguvu, yana nguvu. Siku ya pili asubuhi Marijani alilala chini, na Kidawa akasimama juu yake hajui kama amelala kwa maumivu au kwa uchovu, mpaka alipomsikia anatafuna. Jioni ile mapigo yaliandikwa madogo. Siku ya tatu Kidawa aliyatafuta kwa vidole viwili akayakosa, akahamisha vidole, akayakosa tena. Alimwita ami yake ahakikishe, kwa sababu hakujiamini. Borafya naye alitafuta sana.

"Yapo," alisema mwishowe. "Yako mbali."

Kifua kilirudi kubana kidogo, lakini daktari hakutaka tena kusikia habari ya deksa. Walimhamisha Marijani chini ya banda la makuti lililo wazi kwa upepo, na majani yake yakalowekwa majini kabla hajapewa. Kikohozi kilibaki cha asubuhi tu. Dawa za bandani zilitiwa kwenye kabati lenye kufuli, na juu yake likatundikwa daftari ambalo kila anayechoma anatia alama. Borafya alikwenda mjini kupimwa macho, akarudi na miwani ambayo alisema inamfanya aone watu wote wamezeeka.

Mwezi wa pili tangu siku zile Daktari Amour alikuja tena na sindano ya pepopunda. Ilikuwa mililita moja. Kidawa alimwomba ami yake asimame karibu, si kushika kamba bali kutazama mkono. Alichoma, akavuta kuona kama kuna damu, hapakuwa na damu, akaanza kusukuma.

"Taratibu," Borafya alisema. "Bado. Bado. Haya."

Marijani hakupandwa na mgeni tena. Ridhwan alisema ataangalia mwakani, na tangu hapo hakutaja tena. Juu ya kwato ya kushoto, karibu na manyoya, ilitokea pete, mstari ulioinuka kuizunguka kwato yote. Daktari alisema ndiyo alama ya siku zile, itashuka kadiri kwato inavyokua, na baada ya miezi mingi itafika chini ikatwe. Kila mwanzo wa mwezi Kidawa huipima kwa upana wa kidole. Mara ya mwisho ilikuwa imeshuka vidole viwili.