Shingo ya Gitaa la Muriuki

Kosa lilikuwa la Lazarus mwenyewe. Gari la jeshi lilikuja na agizo la majeneza wakati gundi iko motoni, naye kwa haraka akaichomeka shingo ya gitaa bila kuipima. Alipofunga nyuzi ndipo alipoona shingo imeelekea upande. Uzi mwembamba ulipita nje kabisa ya ukingo, hauna pa kubonyezwa.

"Atalikubali hivi hivi?" aliuliza Nunow.

"Muriuki? Huyo amepiga gitaa tangu utotoni. Lazima tuing'oe."

Konstebo Muriuki alikuwa amesindikiza malori kwenda Griftu, na mwaka ule wa 1966 barabara hiyo ilikuwa imetegwa mabomu. Alitaka gitaa alikute tayari. Lazarus, seremala kutoka Machakos, alikuwa na karakana hapo Garissa tangu kabla ya vita, na Nunow, Msomali mwenyeji wa mji, alifanya naye kazi miaka yote hiyo. Walikula sahani moja. Vita vilipoanza hawakuvizungumza.

Batula, mke wa Nunow, aliwaletea birika lililokuwa likichemka. Lazarus akauelekeza mvuke kwenye kiungo, akapenyeza kisu kilichopashwa moto, akasubiri, akapenyeza tena. Gundi ya ngozi ililegea polepole, ikanuka. Nunow akaitikisa shingo kidogo kidogo.

"Bolebole, fundi," Nunow alimwambia kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Ukifuta na nguvu utafunja."

Ilitoka nzima. Lazarus akachukua patasi akachonga kisigino cha shingo upande mmoja, unene wa ukucha tu, akairudisha, akavuta uzi wa kushonea kutoka kichwani hadi kitako cha gitaa. Bado. Akachonga tena. Safari hii uzi ulipita katikati sawasawa. Akapaka gundi mpya, Nunow akaibana shingo kwa mikono miwili, naye Lazarus akageuka kutafuta mipira ya kuifunga.

Mlango ukapigwa teke.

"Wasomali wote uwanjani! Toka!"

Walikuwa askari watatu, nyuso zimejaa vumbi. Usiku uliotangulia shifta, waasi wa Kisomali, walikuwa wameshambulia kituo kimoja cha polisi. Nunow hakusogea. Alimtazama Lazarus.

"Huyu ni mtu wako?" askari mmoja aliuliza.

Lazarus aliitazama bunduki, kisha mikono ya Nunow pale kwenye kiungo. Alijua la kusema. Lilikuwa neno moja tu.

"Afande," akasema, "gundi haijashika."

Askari alicheka. Akamkamata Nunow ukosi wa shati akamvuta, na shingo ikaanza kuteleza. Lazarus aliruka akaidaka. Akaibana kifuani huku Nunow akiburutwa, huku Batula akipiga kelele huko nje. Alibaki ameibana hivyo hata baada ya kelele kwisha, mpaka gundi ikawa baridi.

Kesho yake Muriuki alirudi salama. Alilipiga gitaa palepale karakanani, akasifu jinsi nyuzi zilivyolala. Lazarus hakusikia hata sauti moja.

"Afande, nisaidie. Nunow yuko uwanjani. Hana kosa. Ni fundi wangu."

"Uliwaambia hivyo walipomchukua?"

Lazarus akainama. Muriuki aliliweka gitaa mezani, akavaa kofia, akaenda.

Nunow aliachiwa siku hiyo hiyo. Lazarus alikwenda kwake na sukari na majani ya chai. Batula alisimama mlangoni, hakumpisha.

"Wamemfunja fidole," alisema. "Mkono wa kulia. Alikaa kwa jua, hakuna maji. Kila gari ikikuja anasema, huyo ni fundi Lazarus, amekuja kunisemea." Akaitazama mikono ya Lazarus. "Wewe ulishika nini, ulishindwa kusema?"

"Gitaa, dada."

"Gitaa."

Hakupaza sauti. Lazarus alinyoosha mkono wenye sukari, Batula hakuipokea. Kutoka ndani, kwenye jamvi, ilisikika sauti ya Nunow, kavu, ya mtu aliyechoka.

"Nenda, fundi. Kafyu imekaribia."

"Walal, ndugu yangu, nisamehe."

Batula akaufunga mlango. Lazarus aliiweka sukari kizingitini, akaondoka upesi kando ya ukuta, maana lori la doria lilikuwa limekwishaingia mtaani.