Mke Mdogo wa Fundi Obeti

Katika kiwanda cha Pajulu, pembeni mwa Arua, laptop ya Obeti ilikuwa na jina lake: mke mdogo. Aliyeipa jina hilo ni Ayikoru, mke wa ndoa, baada ya kuona mumewe anaifunika kitenge vumbi lisiingie ilhali yeye mwenyewe hajanunuliwa kitenge tangu Krismasi. Ilikuwa nzito kama tofali, herufi za vibonye zimefutika, na Windows yake ilikuwa ya zamani, enzi Arua haijaota kuwa jiji. Lakini katika kiwanda kizima cha mafuta ya simsim, yaani ufuta, cha Hajati Kulusum, ni hiyo peke yake iliyoweza kuzungumza na afande.

Afande ni kisanduku cha kijivu ukutani, kinachoamuru mota ipi izunguke, valvu ipi ifunguke, na kikaango kiwake kwa muda gani. Mafundi hukiita PLC. Wafanyakazi walikiita afande kwa sababu kinaamuru na hakibembelezwi. Kilikuwa na miaka zaidi ya ishirini, na programu ya kukiandikia amri iliikubali Windows ya wakati wake tu. Kwa hiyo afande akigoma, kiwanda kizima kilinyamaza kumtazama Obeti akifungua kitenge polepole, kama mtu anayefunua chungu cha wageni. Dakika hizo alikuwa chifu.

Mwaka huo Hajati alijenga kiwanda cha pili kwao Koboko, chenye afande wa aina ileile. Obeti ndiye aliyemwandikia amri zake, akizitoa kwenye laptop yake mstari kwa mstari. Kilichobaki ni Hajati kumtaja fundi mkuu wa Koboko siku ya ufunguzi. Obeti alishajiona amekalia kiti hicho. Ndipo akaja Loku.

Loku alikuwa mtoto wa Koboko, baba yake mwanajeshi mstaafu, na alisomea umeme wa viwandani Kampala. Hajati alimwajiri kwa sababu kompyuta zote za ofisini zilikuwa na Windows ambayo, kuanzia Oktoba, watengenezaji wake hawangeitunza tena. Kwa wiki mbili akazigeuza zote kuwa mpya. Laptop yake ilikuwa nyembamba kama sahani, na kioo chake kilimulika nyuso za waliojipanga kuitazama.

"Wee Obeti, njoo uone ya mwenzako!" Ritah wa kufungasha alipaza sauti. "Inaamka hata mutu hajakaa. Yako tunakunywa chai, tunaosha vikombe, bado inapiga miayo!"

Wakacheka. Obeti naye akacheka, akaivutia yake kitenge juu.

Jioni Loku alimfuata kwa adabu. "Mzee Obeti, nipe kopi ya diski yako. Naweza kuiweka ile Windows ya zamani ndani ya hii mpya, ikae kama mgeni kwenye chumba chake. Siku laptop yako ikikufa tutafanya nini?"

"Nani amekwambia iko mgonjwa?"

"Hapana, mzee, mimi nasema tu…"

"Mzee ni baba yako." Obeti alikuwa na miaka thelathini na minne. "Na mke wa mutu hatolewi kopi."

Usiku hakupata usingizi. Hakuchukia elimu ya Loku, wala mshahara wake. Alichukia ule mwanga kwenye nyuso za watu. Kwa miaka tisa nyuso hizo zilimtazama yeye.

Alhamisi, siku mbili kabla ya ufunguzi, alibeba mke mdogo hadi kibandani kwa Latifu, sokoni Arua. "Nipigie Windows mpya. Ile ya Loku."

Latifu aliipima kwa mkono, akaguna. "Itaingia, lakini itahema kama bibi anapanda mlima. Nifute yote?"

"Acha picha za watoto. Zingine futa. Programu ya kazi iko kwa CD."

Alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi. Akaingiza CD, na kioo kipya, cha buluu, kizuri, kikamwambia kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Akajaribu mara tano. Ijumaa asubuhi alikuwa tena kibandani.

"Nirudishie ile ya zamani."

"Ile?" Latifu alishangaa. "CD za Windows hiyo nilitundika kwenye mtama wetu kule Ajia. Zinafukuza ndege vizuri sana."

Jumamosi, Koboko, wageni walikaa chini ya turubai, na simsim ya kwanza ikamwagwa mashineni. Ilikuwa mbichi kuliko ya Pajulu. Kikaango kiliwaka, kikazima kabla haijakauka; mbegu zikaingia kwenye kinu zikiwa na maji, kinu kikakwama, taa nyekundu ya afande ikawaka.

"Obeti," Hajati aliita mbele ya wote. "Fungua kitenge."

Akafungua. Kioo cha buluu kikawaka, na wageni wakasema, "Eh! Iko mpya!" Sifa alizozitamani zilimfika sasa, na kila moja ilikuwa kofi.

Loku aliinama karibu, akakitazama kioo, akaelewa. Obeti alingoja amtangaze. Ingekuwa yeye, angemtangaza.

"Kebo yake imelegea, Hajati," Loku alisema. "Tutumie yangu."

Afadhali angemtukana. Loku akafungua sahani yake. Ndani ya Windows mpya kikatokea kidirisha, na ndani ya kidirisha ikaamka ile ya zamani, pamoja na programu yenyewe. Loku alikuwa ameitafuta Kampala baada ya kunyimwa. Afande akajibu, akatoa amri zake zote, lakini zikiwa uchi, namba tupu, T hii na T ile, bila kusema ni muda wa mashine ipi. Majina ambayo Obeti alikuwa amezipa, moja moja, yalikuwa kwenye diski iliyofutwa.

Loku alianza kupapasa. Jasho lilimtoka. Obeti alikunja mikono. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alipumua. Na aanguke, alijisemea, tuanguke wote, kiti kikae wazi.

"Hii T7," Loku alinong'ona, "nafikiri ni ya pampu ya chujio. Kikaango ni T9, naongeza dakika mbili."

"Pampu wapi!" Sauti ilimtoka Obeti kabla hajaizuia. "Pampu gani hiyo! T7 ni kikaango. Nilikaa nayo siku tatu hiyo, nikiungua vidole! Pampu ni T9. Ondoa mkono."

Angeweza kuvumilia kuona kazi yake ikifa. Hakuweza kuvumilia kuisikia ikiitwa kwa jina lisilo lake. Akavuta kiti, akataja zote, T1 hadi T23, bila karatasi, kwa hasira, na Loku akaandika. Kikaango kiliongezewa dakika mbili, kinu kikasafishwa, na baada ya muda mafuta yakachirizika, ya dhahabu. Vigelegele vikapaa.

"Loku," Hajati alisema, "Koboko ni yako." Kisha akamgeukia Obeti. "Wewe kichwa yako iko nzuri, mwanangu. Rudi Pajulu, unilindie yule afande wetu."

Amlinde kwa kutumia nini? Kwa picha za watoto?

Obeti alisubiri wageni waende kwenye pilau. Akamfuata Loku aliyekuwa akikunja kebo.

"Ile… ile mgeni ya chumba chake," alisema, akitazama ukuta. "Niwekee na mimi."

"Lete laptop," Loku alijibu palepale. "Na orodha ya majina ya T zote, nimeiandika 'Obeti' juu."

Hakucheka. Hakumkumbusha mke wa mutu. Kama angekataa, Obeti angekuwa na kosa lake la kushika njiani kurudi Arua. Alikaa kwenye gunia la simsim, kitenge magotini, akitazama namba zikipanda kwenye kioo, asilimia nne, asilimia tano, huku akimchukia Loku kwa moyo wake wote, na akiomba umeme usikatike.