Karata za Kamanda

Kaka yangu Wendell alikuwa hashindwi karata, na siku aliyokufa nusura ushindi huo umwokoe.

Hapa Rasini, mji wetu wa roketi, kamanda hatoki chumbani kwenda kwenye roketi mpaka ashindwe karata kwanza. Wanasema mkosi wa siku hiyo unabaki mezani. Basi Wendell akashinda mchezo wa kwanza, wa pili, akaendelea kushinda. Gari lilikuwa mlangoni linanguruma, wakubwa wa Kampuni inayorusha roketi wanatazama saa, na hakuna aliyethubutu kusema yatosha, twendeni. Wakaisimamisha saa ya kurushia roketi, wakangoja. Hatimaye akashindwa, watu wakapiga makofi, akatoka huku anacheka. Sisi tulikuwa ukingoni mwa mto, mimi na mkewe Marlys na binti yao Lynette, tukaiona roketi ikipasuka angani, moshi mmoja ukigawanyika ukawa miwili. Maharage tuliyopika kusherehekea, kama tunavyofanya kila roketi inapopaa salama, yalichachia jikoni kwa Marlys. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyamwaga.

Serikali ikaunda tume, nayo ilipochunguza ikakuta ni valvu, kile kilango cha kuzuia mafuta ya roketi. Ilikuwa inavuja tangu safari za mwanzo na Kampuni ilijua, lakini kila mara chombo kilikwenda na kurudi, basi wakaizoea. Wakaandika kwamba iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Wendell naye alijua. Alituambia mwenyewe siku moja tukiwa mezani, mdomo umejaa mkate wa mahindi: "Inavuja kidogo tu, iko ndani ya kiwango." Nilimpenda kaka yangu, lakini kwa hilo namkasirikia mpaka leo.

Miaka mingi ikapita bila mtu kurushwa kutoka kwetu. Lynette akakua, akawa rubani, na Kampuni ilipotaka kuanza tena ikamchagua yeye awe kamanda wa safari ya kwanza. Magazeti yalifurahi kweli. Nchi nzima ilikuwa inabishana, hawa wanasema turushe watu, wale wanasema tupeleke mashine peke yake, ikabidi tume iitishe mkutano wa hadhara hapa mjini kabla ya kutoa kibali.

Siku moja kabla ya mkutano, Lynette alikuja jikoni kwa mama yake, hata mkoba hakuuweka chini.

"Mama, kesho watakuuliza. Ukisema tusiende, tume itakusikiliza wewe kuliko mtu yeyote."

"Najua."

"Basi usiseme."

"Nikuzike na wewe? Baba yako hata kumzika sikumzika. Nilizika sare yake."

"Hii kazi nimeihangaikia maisha yangu yote, Mama." Akanigeukia mimi. "Shangazi, hebu mwambie wifi yako."

"Mimi usiniingize," nikasema. "Nikifungua mdomo hapa mtanichukia wote wawili."

Marlys hakuahidi lolote. Alimfungia Lynette mkate wa mahindi kwenye karatasi, akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Ukumbi wa shule ulijaa pomoni. Harlan Stubbs, mwenye moteli ya pale darajani, ndiye aliyepanda jukwaani mwanzo, maana Harlan hajawahi kukiona kipaza sauti akakipita.

"Barabara zinaua watu kila siku," akasema. "Mbona hatuzifungi? Roketi zikikaa chini, mji huu tutakula mbu!"

"Si upande wewe basi, Harlan!" nikampigia kelele.

"Kwa tumbo hili, Imogene? Haitanyanyuka hiyo!"

Watu wakacheka, hata mimi nilicheka. Kisha mwenyekiti akamwita Marlys, na kicheko kikafa.

Alisimama bila karatasi yoyote. "Mume wangu mlimngoja ashindwe karata," akasema. "Mlisimamisha saa kwa ajili ya karata. Sasa niambieni, kuna hata mmoja wenu aliyesimamisha saa kwa ajili ya valvu?"

Wazee wa Kampuni waliokaa mstari wa mbele walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Kwa hiyo, Bi Tackett," mwenyekiti akauliza kwa upole, "unasema watu wasirushwe?"

Marlys akamtazama binti yake, aliyekuwa amekaa ubavuni mwa wale wazee na suti yake ya buluu, mikono kaikunja mapajani kama alivyokuwa akiikunja utotoni alipongoja kuadhibiwa. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Nasema mngoje valvu," akasema, akakaa.

Nje alinishika mkono akalia. "Wifi, neno lilikuwa hapa kooni. Limekataa kutoka."

Kibali kikatoka, kwa sharti kwamba valvu iwe mpya. Siku ya kuagana tulipelekwa kwenye mtaro ulio karibu na roketi, ndugu upande huu na wasafiri upande wa pili, tusije tukawaambukiza mafua. Watu walikuwa wanapungiana na kutaniana. Marlys hakupunga.

"Lynette! Hiyo valvu mpya inavuja?"

Lynette akapaza sauti. "Kidogo tu, Mama. Iko ndani ya kiwango."

Ilikuwa sauti ya Wendell kabisa. Marlys akakaa kwenye nyasi pale pale, na ng'ambo ya mtaro nikamwona Lynette anajiziba mdomo kwa kiganja. Nadhani naye alikuwa ameisikia.

Ya kesho yake nilisimuliwa na mwenzake aliyekuwamo chumbani. Lynette alishindwa mchezo wa kwanza kabisa. Wote wakasimama, wakapiga makofi, gari likawashwa. Yeye hakuinuka.

"Karata nimeshindwa," akasema. "Sasa tungoje valvu."

Wakambembeleza, wakamtisha, wakampigia simu mkubwa wa Kampuni. Mwisho gari likazimwa.

Kampuni ilimwondoa kwenye orodha ya wasafiri, na hatarudishwa. Ikatafuta kamanda mwingine, na safari ikaondoka na valvu ile ile inayovuja. Tulikwenda mtoni kutazama sote watatu, maana Lynette alikataa kubaki nyumbani. Ilipaa vizuri, na siku chache baadaye ikarudi salama, wote wakiwa wazima.

Siku iliporudi Harlan alituletea sufuria la maharage. Hakuwa na ubaya, ni domo lake tu. "Unaona, binti? Imefika salama. Leo ungekuwa wewe unayepungia watu."

"Na zile za kabla ya baba yake," Marlys akamjibu, "zote zilifika salama."

"Najua, Mama," Lynette akasema, "najua." Akalia kilio ambacho sijui nikiiteje. Mtu akiniuliza alifanya vyema au alijiharibia, sina jibu. Ninachojua ni kwamba yupo, na kwamba anaumia.

Tulipomaliza kula, Marlys akachanganya karata, akatugawia. Lynette akashindwa mchezo wa kwanza. Akasukuma kiti nyuma, akasimama wima, kama mtu anayesubiriwa na gari. Kisha akabaki amesimama, hajui aende wapi. Mama yake akamshika mkono, akamkalisha taratibu, akagawa tena.